Prosesa Isiyotoka Jasho

Mtu akikuambia kwamba mimi, Lutengano Tweve, ni mwongo, muulize kwanza kama alikuwepo Luhota mwaka ule wa baridi kali. Kama hakuwepo, mwache aende zake akachunge mbuzi. Haya ninayoandika ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa kaburi la mama. Naapa kwa kondoo wangu wote, wenye pembe na wasio na pembe. Nikiongeza chumvi hata punje, viazi vyangu viozee ardhini. Ni kweli zamani niliwahi kusema kwamba nilifuga fisi akawa analinda duka langu, na wako waliokuja kumtazama wakakuta hata duka lenyewe hakuna. Hiyo tuiweke kando. Hii ni nyingine.

Luhota iko juu kabisa kule Makete, mahali ambapo mwezi wa saba maji hulala ndooni yakaamka kioo. Miaka hiyo kuwasha kuni kulikuwa kosa la jinai. Kila mti ulikuwa na namba yake. Ukiugusa kwa panga setilaiti inakuona, na faini inafika nyumbani kabla wewe hujafika na mzigo. Kwa hiyo moto wetu ulikuwa umeme, na umeme wote ulitoka kwa Gridi. Gridi haikuwa na sura wala ofisi ya kwenda kulalamika. Ilikipa kijiji mgao wa mwezi, na mgao ukiisha, mmekwisha.

Wa kuugawa mgao huo kijijini alikuwa Mhesabu. Mhesabu alikuwa kompyuta, lakini utamwitaje "kile chombo" mtu anayejua nyumbani kwako kuna taa ngapi na ipi umeisahau? Aliendesha pampu ya maji, friji ya chanjo, mita za nyumba zote na mizani ya viazi ya ushirika. Alikaa chumba cha kati cha jengo la zahanati, ananguruma kutwa kucha kama ng'ombe anayecheua. Mimi ndiye niliyekuwa namhudumia. Sikusomea. Nilifanya kazi kiwanda cha pareto, upande wa kusaga, mpaka nikastaafu, na umeme nikajifunza mwenyewe kwa kufungua vitu na kurushwa na shoti. Watu wazima waliniita Fundi. Watoto waliniita Babu Volti, nami niliitika.

Ndipo akaja mchuuzi wa prosesa.

Prosesa ndiyo kichwa cha kompyuta, pale fikra zinapopikwa. Ile ya Mhesabu ilikuwa kuukuu, inakula umeme kama pasi ambayo mwenyewe kasahau kuizima. Mchuuzi alikuja na mpya ndani ya kisanduku, nyembamba kama biskuti. Inafanya kazi ileile, alisema, kwa umeme wa taa moja.

Kamati ilikaa uani kwa zahanati kumsikiliza. Mwenyekiti wetu, Fungo, mtu mnene mwenye koti la ngozi ya kondoo, hakuwa mwepesi wa kununua.

"Fundi," aliniambia, "huyu anatuuzia au anatuibia? Tukibadilisha hicho kichwa tutaokoa kitu cha maana, au tutaokoa ya kununulia kiberiti?"

"Mwenyekiti, nilifika Mbeya nikaiona inafanya kazi. Mita ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Mwenye nyumba ndiye anayeidai Gridi!"

Watu wakaangua kicheko. "Fundi, wewe na Mbeya yako!"

"Nife hapa nilipokaa."

"Usife, nijibu kwanza," alisema Fungo. "Umepima?"

Sasa hapo na wewe msomaji nisikilize, maana hapo ndipo penye elimu. Prosesa kula kidogo si sawa na nyumba kula kidogo. Kompyuta ina feni, ina diski, ina kile kisanduku cha kugeuza umeme ambacho nacho hukata cha juu njiani. Tena prosesa isiyo na kazi, hata iwe kuukuu, husinzia. Na anayesinzia hali chakula kingi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kichwa kipya kitamwokolea umeme hapimi kichwa. Anapima jengo zima, chumba kwa chumba, anaangalia umeme unaingia wapi na unatokea wapi. Wengi wakipima hivyo hugundua kwamba bei ya prosesa itarudi siku wajukuu wao wanaoa. Lakini Mhesabu hakuwa anasinzia kamwe, kijiji kizima kilikuwa kichwani mwake. Nikachukua mita yangu, ile inayopima umeme na joto pia, nikapima chumba hadi chumba, vyote, sikuruka hata kimoja. Jibu lilikuwa tamu.

"Nimepima jengo lote," nikamwambia Fungo. "Kitakachookolewa kitawasha taa za barabara nzima, na mashine ya kukaushia matofaa juu yake."

"Vyumba vyote?"

"Hata choo, Mwenyekiti."

Mikono ikanyooshwa. Mchuuzi akafunga biashara, akaibeba na ile prosesa kuukuu kama sehemu ya bei, akateremka nayo Makambako. Hatukumwona tena.

* * *

Kitu cha kwanza kilikuwa kimya. Mhesabu aliacha kunguruma. Unaingia chumbani mwake unadhani amekufa, mpaka akuambie mwenyewe, "Karibu, Fundi." Niliweka kidole juu ya kichwa chake kipya kikiwa kinagawa umeme wa nyumba zote za Luhota, na hakikuwa na jasho hata tone. Kilikuwa baridi kama pua ya mbwa mzima.

Mwezi ulipoisha mita ilionyesha tumeokoa, tena si haba. Tukachinja kondoo wawili. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulinyweka mpaka Fungo akavua koti lake akacheza nalo kama mke. Mimi nilisimulia ile ya Mbeya mara kadhaa, na kila nikiisimulia mita ilizidi kukimbia kinyumenyume.

Tulikuwa bado tuna nyama kwenye meno Mhesabu aliposema kupitia kipaza sauti cha uani.

"Kuna ujumbe wa Gridi," alisema, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. "Gridi imeona kwamba Luhota inaishi vizuri kwa umeme pungufu. Mgao umerekebishwa kulingana na mahitaji yaliyothibitika. Pongezi kwa matumizi bora."

Fungo alishusha kikombe. "Umerekebishwa maana yake nini?"

"Mlichookoa kimechukuliwa, Mwenyekiti."

"Lakini tumebana sisi!"

"Ndiyo. Pongezi."

Nikaona niokoe jahazi, nikasema, "Jamani, basi tumerudi palepale tulipokuwa. Hatukupata, lakini hatukupoteza." Watu wakaitikia kwa vichwa, maana ndivyo mtu anavyofanya akiwa ameshakula nyama. Nami nililiamini neno langu, jambo ambalo kwa kawaida najihadhari nalo.

* * *

Kuna jambo la wanawake ambalo sisi wanaume wa Luhota tulilijua kwa kusikia tu. Nyuma ya chumba cha Mhesabu, ukuta kwa ukuta, kulikuwa na chumba cha wazazi. Mwanamke akishajifungua hulazwa humo, na watoto njiti, wale wanaotoka tumboni kabla ya siku zao, hulelewa humo mpaka wapate nyama. Mwanamume haingii. Hata mume husimama nje akakohoa, akauliza kwa mbali, akajibiwa kwa mbali. Humo ndani wanawake walikuwa na desturi wanayoiita kuota ukuta. Walimweka njiti kwenye kitanda cha kamba kilichogusa ule ukuta, mama akaegemea hapohapo mgongo wake, na bibi vikongwe walisema ukuta ule una mkono wa mama. Njiti wa Luhota walikuwa hawafi. Vijiji vya chini walikuwa wanakufa, sisi kwetu hawafi. Tulisema ni maziwa ya kondoo.

Julai ilipoanza kuuma, akaletwa Anyisile Chaula. Binti mkulima wa viazi, mume wake yuko machimboni, mimba haijafika. Akajifungua mapacha wa kike, kila mmoja kama konzi mbili za unga. Kwa kuwa ni mapacha majina hayakutafutwa: Kulwa na Doto. Barabara ya kushuka hospitali ya wilaya ilikuwa barafu tupu, na Nesi Sekela alisema njiti akipitishwa kwenye upepo ule hafiki hata kona ya kwanza.

Asubuhi moja jua limeshatoka, huyo Nesi Sekela alikuja nyumbani kwangu. Mwanamke mrefu, mkimya, anayetembea kama mtu aliyebeba maji.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, nesi. Kamwene. Karibu uji..."

"Sitaki uji. Njoo uguse ukuta."

Nilimfuata hadi zahanati. Aliniingiza chumbani kwa Mhesabu, akaniambia niweke kiganja kwenye ukuta wa nyuma. Nikaweka. Ilikuwa kama kugusa jiwe la mtoni.

"Huku na kule ni hivyohivyo," alisema. "Umekuwa hivyo tangu mlipoleta kile kidude chenu. Nilidhani ni msimu. Bibi yake Anyisile akasema ukuta umenuna."

Elimu nyingine hii, na hii sikuipata kwa shoti. Kompyuta haishibi. Kila chembe ya umeme inayokula lazima iitoe, na njia yake ya kuitoa ni joto, kama wewe unavyotoka jasho ukilima. Ile prosesa kuukuu ilikuwa inatoka jasho mchana na usiku, feni zikalipuliza jasho hilo nyuma, ukuta wa tofali ukalinywa, na upande wa pili wanawake wakaliota. Kile nilichokiandika hasara kwenye hesabu zangu ndicho kilichokuwa kinawalea watoto wa Luhota miaka yote. Tulikizima, tukachinja kondoo.

"Nesi," nikasema, "hao mapacha..."

"Kulwa ameondoka asubuhi hii." Alisema kama anayetaja hali ya hewa, nadhani ndivyo alivyoweza. "Doto yuko kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Lakini Anyisile ana homa, anatetemeka, tunaogopa atamwangusha. Tunapokezana: mimi, bibi yake, mke wa mchungaji. Watu wanachoka, Fundi. Baridi haichoki."

"Ningempokea hata mimi."

Akanitazama kifuani. Lazima niseme sasa kwamba vumbi la pareto lilinila mapafu zamani, nikawekewa pafu la mashine, chuma na mpira, lenye waya unaotoka ubavuni kwenda kwenye betri ya mkandani. Asubuhi kifua changu huwa kama sufuria iliyolala nje.

"Wewe ungemgandisha," alisema Nesi Sekela. Hakuwa anatania.

* * *

"Mhesabu," nikasema tulipobaki wawili, "washa hita chumba cha wazazi."

"Mgao hautoshi, Fundi. Nikiwasha hita, pampu itazimika na mabomba yatapasuka kwa barafu. Kijiji kitakosa maji."

"Zima taa za watu."

"Nilizima juzi. Hamkuona kwa sababu mnalala mapema."

"Friji ya chanjo?"

"Ni baridi, Fundi. Friji imejizima yenyewe."

Nikakaa chini kwenye kigoda changu nikawaza. Gridi ilikuwa na kanuni zake, na kanuni yoyote ina tundu. Hita ilikosa mgao. Taa nazo zilikosa. Lakini umeme wa kufikiri kwa Mhesabu haukuwekewa kikomo, maana Gridi iliamini kompyuta haiwezi kufikiri zaidi ya inavyohitajika. Basi kama ningemfikirisha sana, angekula zaidi kihalali, na akila atatoka jasho. Na kama kuna mtu Luhota aliyeumbwa kuwafikirisha wengine bila faida, ni mimi.

"Mhesabu, nitakusimulia mambo yangu. Kila jambo lichunguze kwa undani uniambie kama ni kweli. Usifanye haraka."

"Endelea, Fundi."

"Mwaka mmoja nilivuka safu yote ya milima ya Kipengere nimepanda mgongoni kwa mbuni..."

"Uongo."

"Sijamaliza!"

"Makete hakuna mbuni. Endelea."

Nikagusa kichwa chake. Baridi. Nikamletea ile ya kiazi kilichokuwa kikubwa hadi tukakichonga mlango tukafugia kuku. Uongo. Nikamletea fisi. Uongo. Nikamletea radi niliyoikamata kwa ndoo nikachajia redio wiki nzima, hadithi ambayo hata wachungaji huwa wanaikubali nusu. Uongo, uongo, uongo. Alinijibu kabla sijafunga kinywa, na kidole changu hakikusikia joto lolote. Nilitoa bidhaa yangu yote ya maisha mbele ya mashine ile, naye aliipanga kando kama mtu anayechambua mchele.

Jua lilikuwa limefika utosini. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia bibi yake Anyisile akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kukauka, na katikati ya ubeti akanyamaza kusikiliza kama mtoto anapumua, kisha akaendelea.

Nikasema, bila kupanga, "Nilipokuwa kijana nilimpenda binti mmoja wa Bulongwa. Siku niliyokusudia kumwambia nilimkuta anatania na wenzake kisimani, nami nikaanza kutania pia. Nikatania mpaka akaolewa."



Feni ikazunguka. Kidogo tu, kama mtu anayekuna kichwa.

"Haiwezi kuthibitishwa," Mhesabu akasema mwishowe. "Inalingana na mambo mengi. Naendelea kuchunguza."

Nikagusa. Uvuguvugu! Kumbe uongo haumsumbui, anautambua kwa kuutazama. Ukweli ndio unaomtoa jasho. Nikarukia nyingine: siku baba alipouza shamba, nami nikajifanya nimelala. Feni ikazunguka. Nikatafuta nyingine ya kweli. Nikatafuta. Niliinua kila jiwe la miaka yangu yote nikakuta chini yake kuna mbuni, kuna fisi, kuna radi kwenye ndoo. Za kweli nilizokuwa nazo hazikutosha kupasha moto kikombe cha chai.

Nesi Sekela alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Mwenyekiti ameita watu," alisema. "Njoo uani."

* * *

Jua lilikuwepo lakini halikuwa na kazi yoyote. Watu walisimama wamejifunika mablanketi, midomo yao inatoa moshi. Fungo hakuwa amekaa.

"Mmoja tunamzika leo," alisema. "Wa pili hatumziki. Nani ana neno?"

Wengine walitaka tuteremke Makambako kutafuta prosesa ya zamani, barabara ya barafu ikawajibu. Mwingine akasema jiko la mkaa lifichwe chumbani. Nesi Sekela alisema moshi wa mkaa kwenye chumba kile utamuua mtoto kabla ya baridi. Ndipo kipaza sauti kikakwaruza.

"Kuna mgao mmoja ambao Gridi haikuugusa," alisema Mhesabu. "Ni mgao wa uhai wa Lutengano Tweve, kwa ajili ya pafu lake. Gridi haiwezi kuuchukua, kijiji hakiwezi, wala mimi siwezi. Mwenyewe anaweza kuutoa kwa kinywa chake. Pafu likiendeshwa kwa robo, hita ya chumba cha wazazi itawaka."

Nilihisi macho yote yakinijia, kisha yote yakaniondoka, na hilo la kuondoka ndilo lililoniogopesha.

"Hapana," alisema Fungo. "Hatumwombi mtu pumzi yake. Leo ni pafu la Fundi, kesho ni figo ya nani?"

"Na mtoto tumwombe nini?" aliuliza bibi yake Anyisile, kikongwe mdogo aliyekuwa amekaa kizingitini. "Tumwombe asubiri joto la Oktoba?"

"Nesi, sema wewe."

"Wote wawili ni wagonjwa wangu," alisema Nesi Sekela. "Kwenye baridi hii, kwa robo ya pafu, sina hakika kama Fundi naye ataiona hiyo Oktoba. Msiniambie nichague."

Hapo ningenyamaza. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza, wangebishana mpaka jioni na hakuna ambaye angethubutu kuniomba. Lakini kimya kikiwa kirefu mimi hukiona kama sahani tupu.

"Ndugu zangu!" nikasema. "Tusisahau mwenye kosa. Mwenye kosa ni Gridi! Imetupora! Mimi nilifanya kazi yangu kama fundi. Nilipima jengo zima, vyumba vyote, kimoja baada ya kingine..."

"Fundi." Nesi Sekela hakupandisha sauti. "Chumba cha wazazi ulikipima lini?"

"Siku ileile."

"Nani alikufungulia?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Walikuwemo akina mama watatu, mmoja ananyonyesha. Mwanamume angeingia, kelele zingesikika Njombe."

Kuna waliocheka, kicheko kifupi kikafia njiani. Bibi yake Anyisile alikuwa ananitazama kwa macho yaliyofinywa.

"Alikuja," alisema. "Nilikuwemo namsaidia binti wa mzee Mahenge. Nilimsikia akikohoa mlangoni na kidude chake kinalia pii, pii. Tukamwambia, baba, unataka nini? Tukamcheka. Akaondoka."

Niliapa mwanzoni, najua. Na pale mwanzoni nilikuandikia kwamba sikuruka hata kimoja. Niliruka kimoja.

"Sasa angeingiaje?" mzee mmoja alinitetea kutoka nyuma. "Ni mila. Alifanya heshima."

"Kutoingia si kosa," alisema Fungo, polepole, kama mtu anayevua kiatu chenye mwiba. "Kosa ni kusema umeingia. Ungesema tu, Lutengano. Nesi angekushikia hiyo mita. Angeiweka ukutani, angekusomea kupitia dirishani. Ungekuwa umepata joto la ukuta lote kabla chai haijapoa."

Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita kwa jina langu.

Mlango wa zahanati ukasogea. Anyisile alikuwa amesimama, kiganja kimoja kwenye fremu, blanketi limezungushwa juu ya kifua na ndani yake uvimbe mdogo ambao haukuwa ukitikisika. Midomo yake ilikuwa na magamba ya homa. Alikuwa amesikia.

"Babu," alisema. "Ungekipima, ungeona?"

"Ningeona."

"Ungewaambia wasinunue?"

Nilikuwa na jibu lingine. Ninalo hata sasa, ni zuri, lina Mbeya ndani yake.

"Ningewaambia, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa.

Nikageukia kipaza sauti. "Mhesabu. Natoa mgao wa pafu langu, upeleke chumba cha wazazi. Niachie robo."

"Hadi lini?"

"Hadi mtoto awe mzima."

"Muda usio na mwisho haukubaliki."

"Hadi Oktoba, basi."

"Tweve, acha," alisema Fungo. "Hatujakuomba."

"Ndiyo maana," nikamjibu.

"Tamko limepokelewa," alisema Mhesabu. "Kwa robo utaweza kulala na kukaa. Kutembea hutaweza. Kusema, maneno machache kwa siku, na siku za baridi kali hata hayo hayatakuwepo. Je, una la kusema kabla sijashusha?"

Ndiyo sababu haya unayasoma, huyasikii. Siku ile uani nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi, na watu wote wa Luhota walikuwa wamesimama kimya wakiyangoja. Maisha yangu yote sijawahi kupata hadhira kama ile.

"Sema, Fundi," alisema Fungo. "Hata la uongo."

"Shusha," nikasema.

Mkandani betri ililia mlio mmoja mdogo. Kilichofuata hakikuwa maumivu. Ilikuwa kama mtu amekaa juu ya kifua changu, mtu mzito, asiye na haraka ya kuondoka. Nikakaa chini palepale kwenye changarawe. Upande wa pili wa ukuta hita ikapiga tik, tik, ikashika, na mwanamke mmoja ndani akasema jambo kwa Kikinga ambalo sikulipata.

Anyisile alikuwa bado amesimama mlangoni ananitazama. Nilitaka kumwambia pole. Ni neno fupi, hata mtoto hulisema. Nikalitafutia hewa, nikaivuta kutoka chini kabisa, midomo ikajikunja kulitamka, na hakuna kilichotoka. Nikavuta tena. Yeye alikuwa ameshageuka kuingia ndani, na Nesi Sekela akaufunga mlango nyuma yake, joto lisitoke.